Nafasi Tatu za Shaibu

Kila mwaka, kwa mujibu wa sheria, mtu unayeishi naye nyumba moja hupewa nafasi tatu za kukisia nywila yako. Akiipata, kufuli za milango yako, barua na picha zako zote huhamia mikononi mwa Mamlaka, kwa hoja kwamba siri anayoweza kuikisia jamaa, mwizi ataikisia pia.

Mwantumu, mwalimu wa hisabati, aliketi mkabala na mumewe Shaibu. Afisa wa Mamlaka aliweka kifaa mezani, katikati ya vikombe vya chai.

"Kisia kwa dhati, bwana," alionya. "Kifaa kinamjua anayekosea makusudi."

Shaibu alijaribu jina la mama mkwe na mwaka aliozaliwa. Taa nyekundu ikawaka. Akajaribu jina la kifungua mimba wao, jina la aina ileile lililomponza jirani yao mwaka jana. Nyekundu tena. Mara ya tatu akataja, kwa haya, jina analomwitia mkewe wakiwa wawili tu.

Nyekundu.

"Umefaulu, mama," alisema afisa, akaaga.

Mwantumu alishusha pumzi. Nywila yake ilikuwa maneno matano aliyoyapata kwa kurusha dadu na kufungua kamusi. Hayakumhusu mtu yeyote.

"Umenigaragaza, mwalimu," Shaibu alisema akicheka. "Miaka ishirini na sita, hata herufi moja simo?"

"Hata moja. Ndiyo maana bado tuna mlango wa kufunga."

Shaibu alikubali, akaenda kuufunga. Kisha akabaki amesimama pale, mkono kwenye komeo, akimtazama mkewe kama mgeni aliyeingia sasa hivi.