Mla Watu wa Mghange

Elijah aliinua fuvu kwa mikono miwili, akaligeuza taratibu ili wageni wayaone meno.

“Huyu,” alisema, “ndiye aliyekula Wazungu saba.”

Wanafunzi wa chuo kutoka Nairobi wakaguna kwa raha. Nyuma yao alisimama Derrick, mkurugenzi wa mradi wa utalii, kifua mbele. Hadithi ilikuwa yake. Aliitoa kwenye kijitabu cha mwaka 1889, kimoja cha vile walivyouziwa vijana wa Uingereza kwa bei ya mkate: shujaa mmoja, bunduki moja, pango la mafuvu huku Mghange, Taita, washenzi wakidondokwa mate. Akakitolea nakala, akawagawia waongozaji. “Semeni kama kilivyoandikwa. Atakayebadilisha neno, kesho asije.”

Kiingereza Elijah hakukijua. Marehemu mkewe, Loise, ndiye aliyemsomea, kisha akakitupa kijitabu karibu na moto. “Utayasema haya kwa mdomo wako, Baba Abby?”

Angefanyaje? Miaka sitini na minne, darasa la nne. Wakubwa hawamwajiri mtu kwa kuwa anajua ukweli.

“Mzee, huogopi kumshika?” aliuliza msichana mmoja, Cynthia.

“Nimemzoea.”

“Huyu anataka miwani!” Mwenzake, Shanice, akavua miwani yake ya jua, akalivisha fuvu, akasogeza shavu apigwe picha. “Cheka kidogo basi, mla watu!”

Elijah alimtazama Derrick. Derrick akapunga mkono: waache. Basi Elijah akakaza vidole, wasije wakamwangusha.

“Na alizaa?” Cynthia akauliza. “Wajukuu zake wako hapa kijijini?”

Derrick akakohoa. Kwenye kijitabu, shujaa aliwamaliza wote.

“Hakuna,” alisema Elijah. “Kizazi chake kiliisha.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Afadhali!” Shanice akasema. “Tungeliwa sisi leo!”

Wakacheka, wakashuka na Derrick kwenda kunywa chai.

Elijah alibaki. Alifuta alama za vidole kwenye paji la uso kwa ncha ya shati, akalirudisha fuvu chini ya mwamba, palepale wazee walipoliweka kwa heshima, likitazama mashamba. Kisha akavua kofia.

“Shikamoo, babu,” alisema. “Ni mimi Elijah, mtoto wa mwanao Mwakio.”