Zambarau Kabla ya Safari

Lori la mafuta lilikuwa linanguruma, pua imeshaelekea getini, na dereva hayumo ndani. Alikuwa amejibanza ukutani, nje ya chumba cha nesi, jasho linamtoka.

Kampuni iliwapima madereva sukari kila baada ya chai ya asubuhi. Ikizidi kumi, huondoki. Yeye alishakataliwa mara mbili. Ya tatu, usukani kwaheri.

"Shemeji, hebu toa ulimi," utingo wake akasema. Alikuwa kaka wa mkewe, mtu wa mzaha hata msibani. "Lo! Umelamba wino?"

"Dada yako huyo. Nikigusa mkate tu, glasi ya zambarau. Ukakasi mtupu, sukari hatii hata chembe. Ati inazuia sukari ya damu isipande mbio nikishakula."

"Inazuia?"

"Nitajuaje? Hayo ni maji ya matunda, si breki."

Utingo akacheka. Akamaliza chupa ya maji, akafungua nyingine, akapandisha suruali iliyokuwa ikimvuka siku hizi.

"Lete kadi. Mimi natafuna biskuti kutwa na daktari simjui hata kwa sura. Damu yangu ndiyo itakayokuvusha."

Kidirisha cha nesi kilikuwa cha kioo cha ukungu, na uwazi mdogo chini. Alichokiona nesi ni kadi na mkono tu. Mashati yao ya kazi yalikuwa ya rangi moja. Utingo akapitisha kadi ya dereva, kisha mkono wake mwenyewe.

Sindano. Dereva akausikia moyo wake ukiishinda injini.

"Mungu wangu," nesi akasema. "Ishirini na sita! Wewe baba, unasimamaje?"

Utingo akageuka, mdomo wazi. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Shemeji... mwambie mashine imekosea."

Dereva akaitazama ile suruali, akazitazama zile chupa. Akamsogeza pembeni, akapenyeza mkono wake dirishani.

"Huo haukuwa wangu, sista. Mhudumieni huyo kwanza. Halafu nipime mimi."

Lori liliondoka na dereva mwingine. Utingo alilazwa, akarudi nyumbani na sindano za kila siku. Dada yake bado anakamua zambarau, glasi mbili sasa, na haongei na yeyote kati yao. Dereva alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, kwa udanganyifu. Mkono wake ulitoa sita na nusu.