Dozi ya Mwenye Nyumba

Siku hizi nyumba ni ya yeyote aliye mkubwa kwa umri kuliko wote waliomo, awe mtu au mnyama, na nyumba ya kina Mwanakheri ilikuwa ya kobe, Makame. Sasa kobe amegoma kula, na kinyesi chake kimejaa minyoo. Akifa, nyumba inamwangukia wifi yake Mwanakheri, Nargisi, asiyependa kelele wala wageni, na aliyekwisha kuapa kwamba siku hiyo Mwanakheri na wanawe watashika njia.

Kwa desturi, mwenye nyumba hunyweshwa dawa na anayemfuatia kwa umri. Daktari wa mifugo alishasema: dawa hupimwa kwa uzito, ikizidi inaua. Basi Mwanakheri akateleka pilau, akaalika mtaa mzima.

"Harusi ya nani?" jirani yake, Bi Zuwena, akauliza huku akichungulia sufuria.

"Kula, shoga, ila macho yasibanduke kwenye mkono wa wifi."

Nargisi akavuta dawa kwa bomba la sindano mpaka kwenye alama aliyoiweka daktari, asizidishe hata tone, akamnywesha kobe. Wakamweka kobe kwenye beseni la maji vuguvugu. Alasiri minyoo ikatoka kama tambi, vigelegele vikapasua dari, na Makame akatafuna mchicha.

Nargisi akamfuta mdomo kwa upole.

"Dozi ya pili ni baada ya wiki mbili," akasema. "Hiyo nitampa kimyakimya, wifi. Umeona watu walivyomchosha."

Bi Zuwena, mdomo umejaa pilau, akawa wa kwanza kuitikia: "Kweli, mzee apumzike."