Mwanasesere Mwenye Uso

Kwa Waamishi wa kijiji kile, Wakristo wanaoshika desturi za kale, wanasesere hushonwa bila uso na watu hawapigwi picha. Ndiyo maana Lidia alichota maji na kushika sabuni alipoona Salome, yatima wa mjini waliyekuwa wakimlea, amemchorea mwanasesere wake uso.

"Nani huyu?"

"Marehemu Ketura, mama. Nimechukua macho yako na kidevu cha baba."

Salome hakuwahi kumwona Ketura. Lakini mwanasesere alikuwa Ketura hasa, binti wa Lidia, kwa uso ule ambao Lidia alishausahau akaona haya kumwambia yeyote.

"Mama Ketura, umeshaufuta uso huo?" mumewe aliita kutoka uani. "Wazee wa kanisa wanaingia."

"Naufuta, Baba Ketura."

Alimficha mwanasesere kifuani, akasugua pindo la aproni yake majini kwa nguvu ili maji yasikike. Salome, ambaye Lidia mwenyewe alimfundisha kutosema uongo, alikuwa akimtazama.