Mbao Ajifanya Hajui

Chaki ilimponyoka Mbao kabla hajaandika hata herufi moja. Darasa likaguna. Nyuma kabisa, mkufunzi wa maigizo, mama mmoja mkali, alikunja mikono, akamkazia macho.

Jina la Mbao ni yeye aliyempa. Wiki nzima alikuwa akiwafunza walimu wa masomo yote mbinu za jukwaani: sauti, macho, mikono, na zaidi ya yote, kujifanya hujui ili wanafunzi wakufundishe. Wenzake walijifanya hadi wakapigiwa makofi. Mbao alisimama tu kama mlango.

"Baba, wewe ni mbao," mama yule alimwambia mbele ya wote. "Hata kupiga chafya ya uongo huwezi."

Sasa ilikuwa siku ya kupimwa, na asiyefaulu mkataba wake haurefushwi. Mkuu wa shule alikuwa amemnong'oneza jambo mlangoni, akamsukuma ndani. Mezani alikuta betri, balbu mbili na nyaya.

Mbao aliokota waya mmoja, akaugeuza huku na huku.

"Hivi... huu unaingia wapi?"

Vicheko vikalipuka. "Si kwenye betri, mwalimu!" alisema msichana wa dawati la mbele.

"Upande upi? Hautanipiga shoti?"

Jasho lilimtiririka. Akaunganisha ndivyo sivyo. Wanafunzi wakaacha viti wakamzunguka, kila mmoja akitaka kumwelekeza, hata wale wavivu ambao huamshwa na kengele tu. Wakabishana, wakachora ubaoni, wakamfafanulia kwa nini balbu moja ikichomolewa ya pili inazimika, na ziungwe vipi ili isizimike. Balbu zilipowaka, Mbao aliruka nyuma akashika kifua.

Mkufunzi alishindwa kujizuia, akapiga makofi.

"Ule mruko! Lile jasho!" alimwambia kengele ilipolia, machozi yakimlengalenga. "Umeniziba mdomo, baba. Mkataba umepata, na wiki ijayo utawaonyesha walimu wote."

"Asante, mama," Mbao alijibu, akijifuta jasho.

Alisubiri mpaka viatu vya mama yule viliposikika mbali koridoni. Kisha akamwita msichana wa dawati la mbele.

"Mwanangu, ule waya wa pili nielekeze tena, taratibu. Mwalimu wenu wa fizikia amelazwa mpaka mwisho wa mwezi, na mimi nimesomea historia."