Umechelewa

Mwanakheri aliingia ukumbini bila ya kubisha hodi, akafungua pindo la kanga yake na kumwekea wifi yake vipande vitatu vya udongo kiganjani.

"Udongo wa nini?" Salha aliuliza.

"Usinifanye mtoto, wifi. Jana ulipokwenda kuoga, simu yako ilinieleza yote: umechelewa siku mia moja na tisini. Kaka hata kula hakula kwa furaha."

Salha aliinuka, akalisukuma dirisha lililokwisha kuwa wazi, akaketi, akainuka tena. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, ishirini na sita kati yake ya ndoa, wala hajapata kuzaa. Ile programu ya hedhi aliiweka simuni ili ahesabu siku ambazo joto humpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, kama lilivyompanda sasa; nayo, kwa kutolijua neno "kukoma", kila asubuhi ilimwambia kuwa amechelewa, kana kwamba ni mwanafunzi mtoro.

"Nani aliyekutuma umwambie?"

"Habari njema haingoji mjumbe. Na jasho lote hilo? Huyo ni wa kiume. Wana joto hao."

Kizingitini, mumewe alikuwa akivua viatu upesi kuliko ilivyokuwa desturi yake. "Salha," aliita, "usinyanyue kitu kizito."

Neno "kukoma" lilikuwa tayari limemfika Salha ulimini. Alitia kipande cha udongo kinywani, akakitafuna taratibu, akiutazama mlango.