Sentensi za Kurudia

"Tena," alisema Mbula.

Kwenye skrini ya kompyuta, Yan alifumba macho, akarudia neno kwa neno: "Maktaba itafungwa mapema Ijumaa kwa sababu ya matengenezo."

"Nyingine. Mlinzi hufunga mlango mkubwa kila asubuhi na kuondoka na funguo."

Yan akairudia hiyo nayo kwa Kiingereza safi, bila kudondosha hata neno. Kwa kurudia, msichana huyu alikuwa kasuku. Maana ndiyo iliyompita kando. Wachina wenzake waliomtangulia walikuwa wamekusanya sentensi zote zilizowahi kutoka kwenye mtihani wa Kiingereza wa kuombea viza, wakaziweka pamoja wakaziita benki, na kila mgeni alizimeza zilivyo akiomba zirudi siku ya siku. Kompyuta husoma sentensi mara moja tu, nawe unairudia, basi. Nani ana muda wa kuelewa?

Na muda Yan hakuwa nao. Ilikuwa Agosti 2021, Sydney imefungwa tangu mwisho wa Juni, ndege za China hazipatikani, na viza yake inaisha. Asipopita, hana ruhusa ya kubaki wala njia ya kuondoka. Siku nzima alikuwa kwenye chumba cha kupanga katika mtaa wa Burwood, kitanda kimegusana na meza, na mtu pekee aliyezungumza naye ni mwalimu wake, Mkenya aliyeishi Doonside, magharibi ya Sydney.

Mbula alijua Kichina cha kutosha. Alikisoma chuoni Nairobi. Mwanzoni alikuwa akimfafanulia Yan mambo kwa Kichina, lakini mumewe, Ronnie, alisema huko ni kumharibu mtoto wa watu.

"Anasoma Kiingereza ama anasoma uvivu? Ongeeni Kiingereza, kila mtu asikie."

Ronnie alikuwa mume wa kuonewa wivu. Kazi ilipohamia nyumbani, aliweka meza yake jikoni ili awe karibu na mkewe. Serikali iliposema mtu mmoja tu kwa kila nyumba aende dukani, mtu huyo alikuwa yeye, kila siku, bila kunung'unika. Kazi ya kutunza wazee Mbula alikuwa ameshaiacha kwa ushauri wake, asije akaletewa virusi. Simu ya Mbula ilipoharibika, Ronnie aliahidi kuipeleka kwa fundi maduka yakifunguliwa. Hata kitabu cha mazoezi cha Yan alikituma yeye kwa posta, na nyuma ya bahasha akaandika anwani yao kwa mwandiko wa kupendeza, maana ni mtu wa utaratibu. Kina mama wa kanisani walimtaja kwenye maombi ya Zoom na kuwauliza waume zao wanangoja nini.

"Nyingine," alisema Mbula. "Mwalimu hajaruhusiwa kutoka nje ya jengo tangu Februari."

Ronnie alicheka, kikombe cha chai mkononi. "Hata mitihani siku hizi ni korona tupu."

Yan alirudia, kisha akakunja uso. "Mwalimu, hii sijaiona kwenye benki. Hata ile ya mlinzi. Nimewauliza wenzangu, hakuna aliyewahi kukutana nazo."

"Ni mpya."

"Na maana yake?"

"Maana utaitafuta baada ya mtihani. Sasa zishike tu. Hata nikikuamsha usingizini, uzitoe zote."

"Umesikia mwalimu," Ronnie alimwambia Yan, akiinama ili kamera imwone. "Kazi yako ni kurudia."

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Yan aliufanyia chumbani mwake, mbele ya kamera. Mbula, ambaye hajawahi kuharibu chapati maishani mwake, siku hiyo aliziunguza tatu mfululizo.

"Kwani anayefanya mtihani ni yeye ama ni wewe?" Ronnie alimtania.

"Ni sisi wote," alisema Mbula.

Kesho yake, saa ya somo ilipofika, Yan hakuonekana. Mbula alikaa mbele ya skrini tupu, mikono mapajani, akangoja hadi chai ikapoa.

"Amepita, amekusahau. Asante ya punda ni mateke." Ronnie alifunika kompyuta, akaichukua, akaiweka juu ya kabati. "Na tuachane na hii masomo sasa. Umechoka, hata wewe unajua."

Mbula aliitazama kompyuta kule juu. Alikuwa ameishiwa nguvu kabisa, na hakujua atazitoa wapi nyingine.

Ndipo mlango ukabishwa.

Walikuwa polisi wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa barakoa. Majuma hayo polisi walikuwa wakizunguka magharibi yote ya Sydney kuhakikisha watu wametulia majumbani, kwa hiyo Ronnie hakushtuka. Alitoa funguo mfukoni, akafungua, akasimama wima mlangoni.

"Karibuni, maafisa. Hapa sheria inafuatwa. Tangu mji ufungwe, mke wangu hajakanyaga hata kibarazani."

Yule polisi mwanamke aliziangalia funguo mkononi mwake. Kisha akaangalia nyuma yake, hadi kwenye meza ya jikoni alipokaa Mbula.

"Wewe ndiye mwalimu wa Yan? Ametupigia simu asubuhi. Alikuwa na sentensi za kuturudia." Akavuta pumzi. "Mwalimu hajaruhusiwa kutoka nje ya jengo tangu Februari."

Mbula aliinuka, ameshikilia meza.

"Tena," alisema.